Mchwa Hawakukila Kile Kitabu

Jumanne asubuhi, nikiwa nyumbani Mandewa nanywa uji, nilipigiwa simu kutoka Sepuka nikaambiwa kwamba mama mmoja niliyesoma naye shule ya msingi amefariki, na mazishi ni kesho yake. Nyinyi wasomaji wangu hamkumjua, lakini maneno yake mmeyasoma hapa kwenye safu yangu kila mwaka mitihani inapokaribia. Kila nilipowashauri wanafunzi wafunge kitabu na kumweleza mwenzao walichosoma, nilikuwa nikisema yaliyobuniwa na yeye. Mmeniandikia barua za shukrani, nami nimezipokea kana kwamba yametoka kichwani mwangu. Nilikwenda kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, na nilipofika kumpa pole binti yake nikajikuta natazama miguu yangu.

Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa darasa la saba, na kaya zetu ndiyo kwanza zilikuwa zimehamia kijiji kipya. Kuta hazijakauka, mizigo yote iko chini, na mchwa walijilia walivyotaka: mikeka, magunia, hata viatu vya katekista. Kitabu cha jiografia tulipewa kimoja kwa wawili, mimi na yeye, tukawa tunakaa nacho kwa zamu, wiki kwake, wiki kwangu. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia waziwazi kwamba shule yetu huenda ikapata nafasi moja tu ya sekondari. Hakuna aliyekuwa na shaka nafasi hiyo ni ya nani, maana tangu darasa la kwanza yule msichana hakuwahi kushika namba mbili. Wa pili nilikuwa mimi. Basi ulipobaki kama mwezi mmoja kabla ya mtihani, na zamu yake ikafika, nikamwambia kitabu kimeliwa na mchwa.

Kitabu kilikuwa nyumbani kwetu, nimekiviringisha ndani ya gunia na kukichomeka darini. Mwalimu aliagiza fimbo, na aliyeniombea msamaha alikuwa yeye. “Mwalimu, msamehe tu. Hata kwetu wamekula ngozi ya baba ya kulalia.” Mwalimu akaiweka fimbo chini. Tulipotoka nje akanigeukia bila hata dalili ya kinyongo. “Haya, wewe si ulikisoma? Basi utanieleza.”

Ilikuwa kiangazi, na elimu ya kujitegemea kwetu wakati huo ilikuwa kusomba samadi kutoka mazizini kupeleka shamba la shule kabla ya mvua. Ndipo alipobuni utaratibu wake: kila karai swali moja. Tunajitwisha, ananiuliza, namjibu mpaka tunamwaga. Nikikwama alikuwa akisema, “Anza tena, usiharakishe, makarai bado mengi.” Tukirudi na makarai matupu, ilikuwa zamu yake kunieleza mimi yale yale kwa maneno yake. Nilimweleza upepo, mvua, mito na mazao. Alipoulizia ramani nilimjibu, “Kurasa za ramani zilikuwa chache tu, hazina maana.” Zilikuwa nyingi, na kila jioni kabla jua halijazama nilikuwa nikizitazama peke yangu nyuma ya nyumba.

Nafasi ilikuwa moja kweli, na niliipata mimi. Siku nilipopanda lori la kwenda Manyoni kushika treni, alikuja kunisindikiza na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye kitambaa. Akaniambia, “Umetutoa kimasomaso.” Nilikula zile karanga njia nzima. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukielewa ukubwani: kule kumweleza, karai kwa karai, ndiko kulikoyakaza yale mambo kichwani mwangu. Kwa hiyo nilimnyima kitabu, halafu nikafaulu kwa kutumia masikio yake.

Yeye alibaki Sepuka. Alifundisha kisomo cha watu wazima, na barua ya kwanza ambayo mama yangu aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe ilitokana na kazi yake. Baadaye kila mwaka watoto wa darasa la saba walikuwa wakikusanyika uani kwake, wanaulizana maswali huku wanapukuchua alizeti. Miaka michache iliyopita nilipita kumsalimia nikawakuta. Watoto wakaniamkia, “Shikamoo babu,” naye akawaambia kwa furaha, “Huyu ndiye yule ambaye mchwa walimlia kitabu. Msingekuwa mnajua kusoma namna hii bila wale mchwa!” Wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli, nikaomba chai.

Tuliokulia zama zile tunapenda kuwasema vijana wa leo kwamba ni wabinafsi. Tunajisifu kwamba sisi tulilima pamoja na kula pamoja. Ni kweli tuliimba hivyo mstarini kila asubuhi, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko zote, huku kitabu cha watu wawili kimelala darini kwetu. Nimekula chumvi nyingi tangu siku hizo na nimeandika mengi juu ya haki. Aibu hii sikuwahi kuiandika, na sasa naiandika wakati aliyestahili kuisikia hasikii.

Kitabu ninacho hadi leo. Jumatano nilikwenda nacho mazikoni ndani ya mfuko wa koti, nikidhani nitamkabidhi binti yake na kumweleza kila kitu. Nilirudi nacho Mandewa. Nimeandika haya ili nisiwe na pa kujificha nitakaporudi tena Sepuka.

Na nyinyi wanafunzi wa mwaka huu, ushauri ni ule ule, ila sasa mnajua ni wa nani. Soma, funga kitabu, mweleze mwenzako, naye akueleze. Na kama kitabu ni kimoja, zamu yake ikifika, mpe.