Kaburi la Kichwa cha Mbuzi

Mai Taguma, yaani mama yake Taguma, alikuwa amekwisha kumzika mwanawe, na msiba ule ulimmaliza nguvu. Taguma alihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mwenye duka katika wizi. Miaka ikapita, hanyongwi wala haachiliwi. Kisha ukavuma uvumi kwamba mnyongaji mpya amepatikana, na gerezani simu zikawa hazipokelewi. Shemeji yake Mai Taguma, Zvidzai, mdogo wa mumewe, mtu asiyeweza kuvumilia jambo lisilo na mwisho, akakata shauri kwamba kijana amekwisha kunyongwa, na maiti ya mnyongwa serikali hairudishi. Wakachinja mbuzi, wakakifunga kichwa chake ndani ya shati la Taguma, wakakizika nyuma ya zizi, kama wanavyozikwa wote ambao maiti zao hazikupatikana. Mai Taguma akalia mpaka sauti ikakauka. Akaacha kwenda gerezani Harare.

Sasa redio ikatangaza kwamba kunyonga kumefutwa. Waliokuwa wakingoja kitanzi watafungwa maisha. Juma lilelile kasisi wa gereza akapiga simu: Taguma yu hai, anamuulizia mama yake.

"Usiende," Zvidzai alisema. "Mtu ana kaburi hapa, wewe unampelekea chakula? Utatuletea balaa."

"Balaa ni wewe na mbuzi wako! Haraka ilikuwa ya nini, shemeji? Au ulitamani nyama?"

"Nyama hata wewe ulikula."

Na kweli Mai Taguma alikuwa amekula.

Alipanda basi na kopo la siagi ya karanga mapajani, miguu imevimba. Njia nzima aliwaza jambo moja tu: atamwambiaje mtoto kwamba walimzika angali anapumua?

Taguma alikuja upande wa pili wa wavu, mvi kichwani, meno ya mbele hana.

"Mama, ulipotelea wapi? Nilidhani umekufa."

"Wewe ndiye uliyekufa. Tulikuzika. Kichwa cha mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Yule beberu mwekundu."

"Baba mdogo alikubali kumtoa beberu wake kwa ajili yangu?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Basi liacheni kaburi lilivyo, mama. Na wewe usije tena. Hiki ni kifungo cha maisha, sitoki. Utakuja mpaka lini? Ona miguu yako."

Mai Taguma hakubisha. Alikuwa amechoka na mabasi, na kupekuliwa, na kumkumbuka mama wa yule mwenye duka kila anapomlilia wa kwake. Alichoka hasa na hofu ya kila asubuhi, kwamba leo ndiyo leo. Akaushika wavu.

"Nimechoka, ndiyo. Lakini sasa nitatangulia kufa mimi, kama inavyompasa mama. Hilo tu ndilo walilotupatia kwa kufuta kitanzi, na mimi nimelipokea. Wewe kaa hai, baba. Sina nguvu ya kukulilia mara ya pili."