Kurasa Kumi, Kila Saa Saba Mchana

Kuna mambo mawili sijawahi kuyafanya maishani: kuruka siku ya kusoma, na kulia mbele ya wateja.

Siku thelathini mfululizo nilisoma. Kurasa kumi kila siku, jumla mia tatu. Picha ninazo, zote thelathini, na katika kila moja nimeinamia kitabu kama profesa.

Sasa ngojeni niwasimulie jinsi uso wangu mwenyewe ulivyotoa ushahidi dhidi yangu, mchana kweupe, mbele ya mzee ambaye wala hakuwa na ugomvi na mimi.

Nafanya kazi kwenye duka la miwani. Mbele kuna kaunta na kuta zilizojaa fremu. Nyuma kuna karakana yenye mashine ya kukatia lenzi, ambayo enzi hizo ilikuwa inalia kama mbuzi anayeogeshwa.

Mbele nakaa mimi. Wananiita Mdomo, kwa sababu naweza kumuuzia miwani hata mtu aliyeingia kuuliza njia.

Maneno yangu makubwa yalikuwa haya, nayasema mara ishirini kwa siku:

"Mzee wangu, usichukue lenzi kavu. Chukua yenye koti ya kuzuia mng'ao. Lenzi kavu ni kioo cha kujitazamia. Kila unachokiangalia, aliye mbele yako anakiona."

Yashikeni hayo maneno. Tutayarudia.

Nyuma anakaa Bisibisi. Mama wa mtoto mmoja, mikono migumu, maneno ya kuhesabu, na bisibisi ndogo imechomekwa kwenye kilemba saa zote. Hatupendani. Wala hatukuwahi kukosana, tulianza moja kwa moja na kutopendana, tusipoteze muda.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuuliza, "Dada, hiyo ni antena?"

Akanitazama kuanzia viatuni. "Na hilo domo lina breki?"

Miaka miwili tukaendelea kutoka hapo.

Juu yetu kuna bosi, mama asiyejua kutabasamu. Anapima watu macho mpaka wanaomba radhi kwa kutoona.

Asubuhi moja akatuita wote wawili. Akadondosha mezani kitabu cha maelekezo kinene kama tofali.

"Mashine mpya inakuja. Wenye mashine wanamchukua mtu mmoja, miezi mitatu, wamfundishe. Akirudi, karakana ni yake."

Kifua changu kikapanda. Mimi nina sekondari, Bisibisi aliishia darasa la saba. Nani mwingine?

"Mafunzo yenyewe ni kusoma," bosi akasema. "Werevu nimeshawaajiri sana. Mwerevu anasoma ukurasa wa kwanza, mengine anakisia, na lenzi za watu zinapasuka. Mimi nataka mtu anayekaa na kitabu kila siku, awe na hamu asiwe na hamu."

Masharti yakawa hivi. Siku thelathini, kurasa kumi kwa siku, kitabu chochote. Kila saa saba mchana, kabla ya kula, unatuma kwenye kundi la duka picha yako ukisoma, na sentensi moja ya ulichosoma. Ukiruka siku moja, umetoka.

"Bosi, mimi kusoma ndiyo pumzi yangu," nikasema.

Bisibisi akachekea puani. "Ndiyo maana pumzi yenyewe inanuka uongo."

Nilianza vizuri, msinionee. Kwa mjomba nilichukua kitabu cha historia ya reli, kinene makusudi, ili Bisibisi auone unene akate tamaa. Siku ya kwanza, kurasa kumi. Siku ya pili, kumi. Siku ya tatu nilisoma nne, nikazinduka karatasi imenigandia shavuni.

Siku ya nne wakawa wanarudia mechi. Saa saba kamili.

Nikailaza simu yangu katikati ya kitabu. Simu ya duka, ile ya oda, nikaiegemeza kwenye maboksi ipige picha yenyewe. Halafu nikachomoa miwani ya maonyesho pale dirishani, fremu nyeusi nzito, nikavaa ili nifanane na mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya elimu.

Sentensi nikaichota popote, kuhusu zile mbao zinazolazwa chini ya reli: "Reli ilihitaji mataruma mengi sana."

Bosi akajibu kwa dole gumba.

Sasa niambieni, nani angeachia hapo?

Bisibisi yeye alikuja na kitabu cha hadithi cha binti yake wa darasa la tatu. Jalada limekatwa kwa umbo la sungura, masikio ya njano yamechomoza juu. Alisoma amesimama kando ya mashine, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Akikimaliza, anakianza upya.

Nikalalamika kwa bosi. Akanijibu, "Nilisema kurasa. Sikusema kurasa mpya."

"Vipi, sungura kafika wapi leo?" nikawa namuuliza Bisibisi kila mchana.

"Kakutana na mdomo usio na kichwa. Anatafuta pa kuupiga teke."

Nilijua atachoka. Siku ya kumi hakuchoka. Siku ya kumi na tano mtoto aliugua, akatuma picha akiwa amesimama kwenye foleni ya zahanati, kidole bado kiko kwenye mstari. Siku ya ishirini na moja nikaanza kuota karakana inanikimbia.

Siku ya ishirini na mbili niliwahi kufika. Kitabu cha sungura kilikuwa peke yake juu ya meza ya kazi.

Sikukiiba. Nilikihamisha. Kutoka mezani kwake hadi kwenye rafu nyuma ya kaunta, chini ya trei ya fremu zilizovunjika.

Saa saba kasoro dakika tano, Bisibisi akatokea mbele.

"Mdomo, umekiona kitabu?"

"Labda sungura katoroka."

"Sitanii. Ni cha shule. Mwanangu amekiazima kwa jina lake."

Hapo ndipo mtu mwenye utu angeinua trei. Mimi niliweka sawa miwani yangu ya maonyesho.

Akageuka, akarudi karakana. Pale ukutani, kwenye msumari, kulikuwa kunaning'inia kijitabu cha ile mashine ya zamani, kimelowa grisi, hakuna aliyewahi kukigusa. Akakichomoa. Akasoma kurasa kumi amesimama, kidole kimekuwa cheusi.

Sentensi yake ya siku ile ilikuwa: "Mkanda ukilegea, mashine hulia."

Baada ya kula akafungua ubavu wa mashine, akakaza mkanda.

Mbuzi akanyamaza. Duka zima likawa kimya mpaka tukasikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kama inatoa sauti.

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye hadithi. Kila mchana kijitabu cha grisi. Jioni nilimsikia kwenye simu akimbembeleza binti yake. Shule imemnyima mtoto kitabu kingine mpaka kile kirudi. Nikajiambia, kesho nakirudisha. Kesho ikazaa kesho yake.

Siku ya thelathini nikaziweka picha zangu zote pamoja, nikatuma kwenye kundi: "Siku 30. Kurasa 300. Wenye wivu wajinyonge kwa kamba mpya."

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi hata hizo sikuzifikisha.

Mchana ule aliingia mwalimu mmoja mstaafu kuchukua miwani yake ya kusomea. Mzee mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana."

Bosi akamvisha miwani, akanyoosha mkono achukue kadi ya majaribio, ile yenye maandishi makubwa kushuka mpaka madogo.

Na mimi, Mdomo mwana wa Domo, nikasema, "Kadi ya nini, bosi? Mwalimu, jaribu kwa hizi. Ni mimi, siku thelathini za kusoma bila kuruka."

Nikamkabidhi simu ya duka kwa mikono yangu miwili. Kwa adabu.

"Hongera sana," Mwalimu akasema. "Unasoma nini?"

"Historia ya reli."

"Reli." Akatanua picha kwa vidole, pale penye uso wangu. Akatanua tena. "Na reli hii inapita kwenye majani?"

"Kivipi, Mwalimu?"

"Kwenye miwani yako kuna uwanja wa kijani. Watu wanakimbiza mpira. Mmoja ameanguka, anashika goti."

Zamani ile mashine ingeyameza maneno hayo. Sasa mkanda ulikuwa umekazwa. Duka zima lilisikia, wateja wawili wa foleni wakiwemo.

Mwalimu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anafurahia macho mapya. "Mama, miwani yako ni nzuri mno! Angalia, hii ya kumi na tisa kuna binti anacheza muziki. Amevaa nyekundu."

Bosi akanigeukia polepole. "Mdomo. Ile miwani ya dirishani ina koti?"

"Haina."

"Kwa hiyo kila unachokiangalia?"

"Aliye mbele yako anakiona."

Bisibisi alikuwa ametoka karakana, amejishika mbavu, anacheka mpaka bisibisi imedondoka kilembani. Nikamchukia kuliko siku zote. Kicheko hicho ningekivumilia lakini, kama Mwalimu asingeendelea.

"Ngoja, hii ya ishirini na mbili. Nyuma yako, kwenye rafu. Chini ya trei kuna masikio."

"Masikio?" bosi akauliza.

"Ya sungura. Ya njano."

Kicheko kikakatika kama uzi. Bisibisi akanipita bila kunigusa, akaenda kwenye rafu, akainua trei.

Siku nane za vumbi. Akalifuta jalada kwa aproni, masikio kwanza.

"Mwanangu alisimamishwa mbele ya darasa," akasema. "Wakamwita mwizi. Nilikuambia ni cha shule, na ulinisikia."

"Nilikusikia."

Hakunitukana. Miaka miwili ya kutukanana, na siku niliyostahili, hakunipa hata tusi moja.

Bosi akamwambia yeye, "Jumatatu unaondoka." Halafu mimi: "Wewe kesho unakwenda shuleni kwa mtoto. Na kitabu. Na hilo domo."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya darasa la tatu, nikasema mwizi ni mimi. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mtu mzima unaiba sungura?"

Nikaitikia kwa kichwa tu. Mimi.

Hayo ni ya zamani kidogo. Bisibisi ameshahitimu, karakana ni yake, na bado hatupendani. Mimi kwa amri ya bosi kila saa saba mchana nasoma kurasa kumi kwa sauti pale kaunta, bila miwani, mteja awepo asiwepo. Leo ni siku ya mia na nne. Historia ya reli nilishaimaliza, na kweli ilihitaji mataruma mengi sana.

Somo mnalo. Kusoma hakuna shahidi wa kukodi. Soma ukurasa wa leo, kesho usome wa kesho, hata kama ni wa sungura na kidole kiko kwenye mstari. Siku mia hazina siri nyingine. Ukianza kusoma ili watu wakuone, jua kuna mwenye macho mazuri kuliko picha yako.

Nilitaka kuishia hapo, ila Bisibisi amesimama nyuma yangu na haya maandishi anayasoma kwenye simu, kwa kidole, neno kwa neno. Amerudi juu kabisa, mstari wa kwanza.

"Hujawahi kulia mbele ya wateja?"

"Ni namna tu ya kuanza, dada."

"Mwalimu alikupa kitambaa chake cha kufutia miwani mpya," anasema. "Andika. Na andika kwamba mpaka leo hujakirudisha."