Pikipiki ya shangazi iliyowaka mchana, asubuhi ikanuna

Wakuu, salaam aleikum nyote.

Nina kisa cha pikipiki. Chumvi sitatia hata chembe, kilivyokuwa ndivyo nitakavyokimwaga.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi kijana, mikono myeusi kwa oili, na kiburi cha gereji ya Malindi kimenijaa kichwani.

Shangazi yangu Bi Zuhura, wa Mambrui, alifiwa na mumewe akaachiwa pikipiki kuukuu ya Kiingereza. Ikakaa miaka kwenye chumba cha uani, haijapandwa na mtu.

Sasa shemejiye, Bwana Omari, ndugu wa marehemu, akakitaka kile chumba apangishe. Akamwambia: "Ijumaa nikitoka sala ya alfajiri nakuja. Ikiwaka, ibaki. Isipowaka, watu wa chuma chakavu waichukue."

Shangazi akaniita. Nilimkuta macho mekundu.

"Mwanangu, kitu chake nilichobaki nacho ni hiki tu. Usiniangushe."

Nikabeba spana zangu nikahamia kwake.

Sasa troubleshooting yenyewe. Ekzosi ina kiota cha panya. Pointi za kutoa cheche zimeshika kutu. Plagi imekufa, nyingine niliipata Kilifi kwa fundi wa pampu za maji, baada ya kumbembeleza kama namposa binti yake.

Kabureta nilipoifungua, lo! Imejaa utando unaonuka. Nikasema hii ni petroli iliyochacha. Nikaiosha ikang'aa.

Adhuhuri nikapiga kiki. Ikawaka! Shangazi akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika.

Kesho yake alfajiri nataka kujionyesha kwa majirani. Kiki. Kimya. Kiki. Kimya. Jua lilipopanda, ikawaka bila matata. Asubuhi ya pili, imenuna tena.

Mlio mafundi mnajua kitu kama hiki kinavyoudhi. Nilibadilisha nyaya, nikakagua cheche, nikatukana kimoyomoyo. Jirani mmoja akanishauri niifukize ubani, na seriously, nilikuwa karibu kukubali.

Alhamisi asubuhi nimejikalia uani, nimekata tamaa. Ulikuwa msimu wa kipupwe, kuna kibaridi. Shangazi akatoka na chupa ya mafuta ya nazi ajipake nywele. Mafuta yameganda, meupe pe. Akaiweka chupa juani yayeyuke.

Nikaitazama ile chupa. Nikainuka, nikafungua kabureta, nikanusa.

Nazi!

"Shangazi, hii pikipiki unaitia nini?"

"Naipaka mafuta kila jioni. Nje naipangusa, na hapo kwenye tundu la kuvutia hewa naitilia kidogo, isikauke koo. Tangu marehemu aondoke sijakosa. Si wasema kitunze kikutunze?"

Kumbe jioni nikienda kuoga, yeye anaingia na chupa yake! Usiku yanaganda, yanaziba kila kitundu cha petroli kwenye kabureta. Mchana joto linayayeyusha.

Wakuu, utamwambiaje mjane kwamba mapenzi yake ndiyo yanayoikaba? Nilimweleza taratibu, macho chini. Roho iliniuma.

Akaitazama chupa yake. Kisha akacheka hadi akaketi chini.

"Ebo! Miaka yote naikaba koo mwenyewe!"

Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga. "Haya, nionyeshe inavyosafishwa."

Siku hiyo kabureta tuliisafisha wawili, na skrubu zote alizirudisha yeye.

Ijumaa Bwana Omari akaja na mkokoteni kabisa. Kiki ya kwanza, ikakohoa. Shangazi akashika ukuta. Ya pili, ikanguruma mtaa mzima ukasikia.

Bwana Omari hakurudi nyuma kwa ahadi yake, lakini akamchokoza shangazi: "Na utaifanyia nini? Hata kuipanda hujui."

Shangazi akaninyooshea kidole. "Huyu atanifunza."

Mambrui ya wakati ule, mwanamke na pikipiki? Nani angemnyamazisha Bi Zuhura lakini! Tukaenda uwanjani. Akaanguka, akainuka, akanitukana, akapanda tena.

Mwezi haukwisha, wakuu. Suruali ya marehemu ndani, buibui limefungwa kiunoni, shangazi akapita mbele ya baraza la Bwana Omari akimpigia honi ndefu. Wazee wakasahau kahawa yao mkononi. Yeye anacheka, na tangu msiba nilikuwa sijamwona akicheka hivyo nje ya nyumba yake.

Nilichojifunza: mashine haitunzwi kwa kupakwapakwa na kufungiwa. Ipande.

Mafundi wa kweli na wa kubahatisha, uwanja wenu. Nani alishawahi kuhangaishwa na chombo namna hii?