Pikapu ya Spiriti na Asubuhi ya Olenguruone

Siku yangu ya kwanza karakanani Nakuru, fundi mkuu alinifunga macho kwa kitambaa akaninusisha makopo matatu: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Nilitambua yote, nikaandikwa kazi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba. Wazazi wetu walikuwa wamekufa wote wawili, na mimi ndiye wa kwanza kati ya watoto wanne.

Baada ya miaka mingi ya karakana nikawa dereva wa shamba moja upande wa Njoro. Mwaka wa 2007 mwenye shamba, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, alinunua pikapu ya kutoka ng'ambo iliyotumia petroli, spiriti ya miwa, au zote mbili zikiwa zimechanganywa kwenye tangi moja. Spiriti ilikuja kwa mapipa kutoka kiwanda cha sukari.

“Gari ikikunywa spiriti ni sawa,” aliniambia akinipa ufunguo. “Wewe ukikunywa, unaenda nyumbani.”

Kwa spiriti ilipanda mlima vizuri hata kuliko kwa petroli, lakini ilikuwa mlafi: safari ya tangi tatu za petroli ilitaka tangi nne na kitu. Spiriti pia huosha uchafu wa tangi na kuupeleka kwenye chujio, kwa hivyo mwezi wa kwanza nilibadilisha chujio mara tatu. Shida kubwa ni baridi. Spiriti ikipoa haitoi mvuke wa kutosha kushika cheche ya plagi. Ndiyo maana tuliweka chupa ya petroli nyuma ya kiti. Asubuhi ya baridi unamimina kifuniko kimoja kwenye njia ya hewa, unapiga stata, inaitika.

Januari 2008, vita vilipozuka baada ya uchaguzi, petroli ilikosekana. Peter, kitinda mimba wetu niliyemsomesha kwa mshahara wangu, alikuwa mwalimu karibu na Olenguruone. Alinipigia simu.

“Brathe, huku wanachoma. Kuja.”

Mwenye shamba alinipa pikapu na spiriti tangi nzima.

Kabla ya kizuizi cha kwanza nilisimama, nikaimwaga ile chupa ya petroli kwenye majani. Siku hizo ukipatikana nayo wewe ni mchomaji, hakuna wa kukusikiza. Nilivuka vizuizi vitatu. Nilifika jioni, na hatukuthubutu kurudi gizani.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Nilipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea.

“Ndinga yako inaringa,” Peter alisema, akijaribu kucheka.

“Ngoja jua. Ikipata joto itawaka.”

“Na hao wakifika kabla ya jua?”

Majirani walikuwa wakipita na magodoro kichwani, wakielekea msituni.

“Wacha nitembee na hawa,” akasema. “Ikiwaka utatupata mbele.”

Nilimwambia aende. Mimi nilibaki, kwa sababu gari haikuwa yangu.

Saa nne jua lilipiga boneti. Iliwaka mara moja. Niliteremka barabara yote, nikarudi juu, nikisimama kila kona kumwita. Mimi na majirani zake tuliupata mwili wake siku ya tatu.

Niliendesha pikapu hiyo mpaka nikastaafu. Vijana huniuliza lipi bora, spiriti au petroli. Nawaeleza nguvu, ulaji, chujio, na baridi. Huniuliza kama baridi huharibu injini. Nawajibu hapana, injini haipati shida yoyote.