Gari Nililolipaka kwa Mafuta ya Papa

Jamani, leo paka wa Kibiti nzima wamelala chini ya gari langu.

Ni lile kuukuu nililouziwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipohama. Nimelipaka rangi mwenyewe, uani, kwa brashi. Rangi ilikuwa nzito, na mimi mtu wa pwani, wa Nyamisati, basi nikaizimua kwa mafuta ya papa, kama tunavyopaka mashua.

Mke wangu akaziba pua.

"Baba Zuhura, gari umeliharibu."

Nikasuuza brashi.

Alasiri Bwana Shauri mpya akapita, akasimama. Naye akaziba pua. Akalizunguka, akajitazama kwenye mlango unaong'aa, akanyoosha tai, akaenda zake.

Sasa hivi mke wangu yuko mlango uleule. Mkono mmoja anatengeneza mtandio, wa pili kaziba pua. Haondoki.

Haya, semeni nyie: nimeliharibu?