Somo la Kukataa

Kuna neno moja lililonizeesha kabla ya wakati wangu: yego. Ni ndiyo ya Kinyarwanda, neno fupi, lenye adabu, na kwa wiki sita nililisikia mpaka nikatamani kuziba masikio kwa saruji.

Nilikuwa nafundisha makapita. Kapita hapa Kigali ni msimamizi anayesimama kati ya wakubwa na mafundi. Asubuhi anapokea amri, jioni anapokea lawama. Wengi wamepanda kutoka chini: walibeba karai, wakashika mwiko, kisha siku moja wakavishwa kofia ya usimamizi bila mtu kuwafundisha lolote. Sasa kampuni zimeanza kudai cheti. Ndipo nikapewa darasa la jioni, baada ya kazi, la watu ishirini katika ukumbi wa kukodi kule Kanombe, ambako kila ndege ilipopaa nilinyamaza na kusubiri, chaki mkononi.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Mwanza. Kinyarwanda changu kinachechemea, kwa hiyo nilifundisha kwa Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiswahili chao cha Kigali. Lugha haikutushinda. Kilichotushinda ni yego. Mmenielewa? Yego. Nirudie? Yego. Kwa hiyo hamkuelewa? Yego. Afadhali kumpigia mbuzi gitaa, maana mbuzi hajifanyi ameupenda wimbo.

Somo gumu kuliko yote halikuwa kusoma michoro wala kupima kokoto na mchanga. Lilikuwa kukataa. Kapita akipewa amri ya hatari aseme oya, yaani hapana, kwa sauti, mbele ya watu. Basi nikawa mwigizaji. Nilivaa miwani ya jua nikawa mwenye nyumba. Nikaning'iniza funguo za gari kidoleni nikawa mhandisi. Nikaamuru mtu apande juu bila mkanda. Nikaamuru watu washuke kwenye mtaro ambao udongo wake unamomonyoka. Yego, bosi. Yego, enjeniya. Siku ya nne mmoja alisema "tutaona", nikakaribia kumkumbatia.

Aliyenichosha zaidi ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayekaa safu ya mbele na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Alikuwa anasimamia nyumba ya ghorofa huko Kibagabaga, na kampuni yake ilikwisha kumwambia: bila cheti, mwisho wa mwezi unarudi kuwa kibarua. Akiliangalia zege alikuwa anajua kama limezidi maji kabla mimi sijavaa miwani yangu ya kusomea.

Wiki ya mwisho alitusimulia kisa chake. Slabu ya ghorofa ile, yaani sakafu yake ya zege, ilikuwa imemwagwa siku tisa tu zilizopita, bado imeshikiliwa kwa chini na mirunda, zile nguzo za mikaratusi ambazo hazitakiwi kuguswa mpaka zege likomae. Mwenye nyumba alikuwa anakuja kila siku kumtaka aitoe mirunda ile, ili mafundi wa vigae waanze kazi chini.

"Na wewe unamjibu nini?" nikauliza.

"Namwambia yego."

"Yego?"

"Mwarimu, nikisema oya mbele ya watu, ataona iko na kiburi. Nasema yego, anafurahi, anaenda. Mimi sitoi kitu. Kesho anakuja tena, nasema yego tena."

Darasa zima likapiga makofi. Damu ikanichemka. Nikamwuliza mafundi wake wanajuaje ipi ni yego ya kweli na ipi ya kumfurahisha tajiri. Akasema wanaangalia uso wake. Nikamwuliza, na siku ambayo uso wako haupo?

"Mimi iko pale kila siku, mwarimu."

Nilimwambia, kwa sauti ambayo bado inanitia haya, kwamba heshima ya namna hiyo itamwua mtu. Akaandika maneno yangu kwenye daftari lake, yote, bila kukasirika. Hilo likanichoma zaidi.

Siku ya mtihani, uliofanywa asubuhi badala ya jioni, nilitangaza masharti mlangoni. Simu zote kwenye boksi mezani kwangu. Anayetoka kabla ya kumaliza amejitoa mwenyewe. Nilikuwa nimechoka na watu wanaochelewa, wanaotoka, wanaorudi na chapati. Nilitaka siku moja tu ya nidhamu.

Saa nne hivi simu moja ikaanza kutetemeka ndani ya boksi. Ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza, ikaanza tena. Yule wa daftari la gazeti akainua kichwa. Akasimama, mkono mmoja kifuani.

"Mwarimu, naomba nitoke kidogo."

"Kuna mgonjwa?"

"Oya."

"Kuna msiba?"

"Oya."

"Basi kaa chini umalize."

Nakumbuka alilitazama boksi, kisha akanitazama mimi. "Yego, mwarimu," akasema, akakaa.

Nilisahihisha usiku uleule nyumbani kwangu Biryogo. Swali la saba nililitunga mwenyewe: mwenye nyumba anakuamuru utoe mirunda kabla ya siku zake, utafanya nini? Wengi waliandika vioja. Yeye aliandika kwa mwandiko safi kwamba atakataa, ataeleza sababu, na hataondoka mahali pale mpaka amri ile ifutwe. Nikampa alama zote. Nilijisikia mwalimu kwelikweli.

Siku ya kugawa vyeti hakuja. Nikakasirika tena, maana hasira zangu haziishi mbali. Nikamfuata Kibagabaga na cheti chake ndani ya bahasha, huku nikipanga maneno ya kumwambia.

Nilisikia nyundo kabla sijaiona nyumba. Ile slabu ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda kilichokatika chaga, na vibarua walikuwa wanaivunja kipande kwa kipande. Fundi mmoja akanieleza. Siku ya mtihani mwenye nyumba alikuja asubuhi akawaambia watoe mirunda, kwa kuwa kapita wao mwenyewe alikwisha kusema yego, nao walisikia. Walimpigia simu mara tatu, hakupokea. Wakaanza kutoa. Slabu ililia, wakakimbia, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Kwa wakubwa, aliyekosa alikuwa mmoja tu: yule aliyesema yego mbele ya watu wote.

Kapita mpya alikuwa kivulini anazungumza na simu. Wa kwangu alikuwa juu pamoja na vibarua, na nyundo kubwa. Aliponiona alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

"Murakoze cyane, mwarimu." Asante sana, na alikuwa anamaanisha.

"Ulijua ile simu ni ya nini?"

"Nilijua. Hawanipigiagi bure."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ningekuruhusu! Kwa nini hukukataa tu ukatoka?"

Alinitazama kwa mshangao, kama vile nimemwuliza kwa nini hakunipiga kofi.

"Ulisema nikae, mwarimu."

Kapita mpya akamwita, akaitika yego, akapanda tena. Nilibaki pale chini na vumbi lile. Kwa wiki sita nilikuwa nimewafundisha kumkatalia mwenye nyumba, kumkatalia mhandisi, kumkatalia yeyote mwenye gari na sauti kubwa. Hata siku moja sikuwaambia wanikatalie mimi.