Siku Wigi Liliponivuka Ukweni

Aibu ninayo na siikatai, tena nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Terrat ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi nina ualbino, mnanijua, na Alhamisi ile nilikuwa na miadi kliniki ya ngozi kwa sababu ya kidonda utosini, kinakauka, kinachubuka, kinakauka tena tangu masika (nilimwambia kila mtu ni chunusi, hata mama yangu), lakini Alhamisi hiyohiyo saluni ya Kimandolu wakanipigia simu kwamba wigi langu la kwenda kutambulishwa ukweni liko tayari, basi nikaona kliniki haihami, nikaenda saluni. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Jumamosi ya utambulisho kofia yangu pana nikaiacha kitandani, maana nani anafunika nywele nzuri vile? Tukafika Terrat kwa wakwe, kivuli chote cha turubai wamekalia wazee, mimi na mchumba wangu Lazaro tukawekwa juani saa nzima, natabasamu huku kidonda kinawaka chini ya wigi.

Kisha nikaitwa kumwamkia bibi yake, wanayemwita Koko. Kwa Waarusha shikamoo ya mdomo haitoshi, unainamisha kichwa mzee akuguse. Nikainama, Koko akanigusa palepale penye kidonda, nikaruka na yowe juu, bangili yake ya shanga ikanasa kwenye nywele, na wigi likabaki linaning'inia mkononi mwake mbele ya ukoo mzima (na mchungaji, msimsahau mchungaji).

Shangazi yao mmoja akasema, "Kumbe hata nywele siyo zake."

"Ni zangu, shangazi," nikamjibu huku machozi yananitoka, "nimezinunua mwenyewe."

Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Koko hakucheka. Alinishika kichwa, akakitazama kwa karibu.

"Hiki kidonda kina muda gani?"

"Ni chunusi, Koko."

"Chunusi haikai hivi. Mimi nimefuga ng'ombe maisha yangu yote, naijua ngozi inayokataa kupona. Daktari amekiona?"

Nikashindwa kudanganya. "Nilikuwa niende juzi, Koko. Naogopa wakiniambia ni saratani."

"Basi mambo ya posa yatangoja. Jumatatu tunakwenda wote."

Na kweli tukaenda. Daktari akakikata, akapeleka kipande kupimwa, na majibu yaliporudi ilikuwa saratani, changa bado, na yote imetoka. Akaniambia ningechelewa zaidi tungekuwa tunaongea mengine, na hapo nikalia hadi Koko akanifuta kwa shuka yake.

Sasa nimenyoa, kovu liko wazi. Losheni ya jua napaka hata siku ambayo Mlima Meru umejifunika mawingu, kofia simvulii mtu isipokuwa Koko, na tarehe ya kliniki siivuki tena hata iangukie siku ya harusi yangu. Wanaotaka kucheka wacheke tu, mimi nitakuwepo kuwasikia.